Goti la Chuma Halinywi Samli

Isingiro, Jumamosi, Novemba 1997

Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa imekatika. Neema wangu amelala mapajani na mimi naandika kwa mkono mmoja. Nisipoandika leo nitapasuka kwa furaha.

Mama mkwe wangu ana goti la bandia. Mwanawe anayefanya kazi Nairobi alimpeleka huko, akawekewa chuma na plastiki ngumu pale mifupa ilipokuwa imelika. Kidonda kikapona vizuri. Lakini siku alipojaribu kutembea hapa nyumbani, goti likalia: ka!

Tangu hapo hakuinuka. Akakaa mkekani, mguu ameunyoosha, anaagiza samli. Asubuhi anywe kikombe, jioni apakwe. Anasema chuma kimekauka, akikitembeza kitasagika.

Kwetu samli ni dawa ya kila kiungo, nani angebisha?

Jumatatu nilipompeleka Neema kliniki, nikamuuliza nesi. Akanieleza taratibu. Nyama zinazozunguka goti huota utando mpya kwa ndani, na utando huo unatoa maji ya utelezi. Yanaingia kati ya chuma na plastiki. Si sawasawa na yale aliyozaliwa nayo, lakini yanafanya kazi. Samli ya kunywa inaishia tumboni, ya kupaka inaishia kwenye ngozi. Ule mlio, kama hakuna maumivu wala uvimbe, ni chuma kugusa plastiki tu. Cha kuogopa ni kukaa. Goti lisilokunjwa linakakamaa, na likizoea hivyo hatatembea tena.

Hatatembea tena.

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani kama mzigo wa kuni. Nikayasema. Shemeji yangu Deo, anayebeba ndizi kwa baiskeli, akacheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji, mnyororo ukilia unatiwa oili, haupelekwi kliniki! Na wewe wa darasa la saba unifundishe chuma mimi?" Mama mkwe akaunga mkono. Mimi sikukubali.

Leo wamekuja majirani kumjulia hali. Nikawaletea akamwani, zile kahawa zetu kavu za kutafuna, kama mgeni anavyopokelewa. Wakawa wanatafuna na kuzungumza, Deo akiwa nao. Nikamtazama mama mkwe, shavu linapanda na kushuka, na ghafla nikajua la kusema.

"Mama, hiyo kahawa uliitia mdomoni ikiwa kavu?"

"Kavu kama jiwe."

"Sasa ikoje?"

"Imelowa."

"Nani amekumwagia maji?"

Akaacha kutafuna. Deo naye akaacha.

Nikamwambia goti lake ni kama hiyo kahawa. Ni geni, halina maji yake, lakini limewekwa ndani ya mwili wake, na mwili ndio unaolilowesha. Na kutembea ndiko kutafuna; asipotafuna, mate yatasambaa vipi?

Jirani mmoja akasema, "Ee, huyu mtoto!" Mama mkwe akaninyooshea mkono. Nikamwinua.

Alipokanyaga nje ya kizingiti, goti likalia. Akasimama. Sote tukasimama. "Linauma, Mama?" Akatikisa kichwa kukataa. Akapiga hatua nyingine, akiniegemea begani, mpaka tukaingia kwenye kibanja, shamba letu la migomba nyuma ya nyumba.

Akashika mgomba wa kwanza, akapumua, akaangalia huku na huku. Kisha akapaza sauti: "Mama Neema! Machipukizi yote haya mmeyaacha ya nini? Na haya majani makavu? Nilikuwa nimekaa, sikuwa nimekufa!"

Sijawahi kugombezwa nikataka kupiga vigelegele.

Kesho mvua ikipisha, tutatoka tena. Na anigombeze mgomba kwa mgomba, mpaka mpakani mwa kibanja.