Jicho la Kushoto la Muuza Ndoo

Jumatatu, 3 Machi

Nahisi picha 212 za mdogo wangu zimepotea. Faili niliyoletewa inaonyesha ilibadilishwa tarehe 14 Februari, ila mimi nimejua leo saa nne asubuhi, mbele ya mama.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa kinawaka. Marehemu alichora gemu moja tu maishani mwake — gemu ya simu, msukuma mkokoteni anakatiza sokoni asigonge watu. Kampuni ya watu sita. Ikafungwa, gemu ikaondolewa, mwaka uliofuata naye akaondoka. Miaka miwili nimeziokota picha zake. 74 kwa yule aliyekuwa mwandika programu wao. 97 nimezifukua kwenye simu ya mtumba, kioo kimepasuka, lakini gemu bado imo. 41 nimezinasa mwenyewe nikicheza hatua kwa hatua, na mimi gemu sijui. Karatasi hakuna hata moja. Alichorea kwenye tableti, na tableti iliibwa.

Hatua ya tatu kuna muuza ndoo. Ni mama. Kilemba chake, anavyoweka mkono kiunoni, na jicho la kushoto ambalo kope lake limelegea tangu alipopata ajali. Mistari mitatu tu, lakini ukiiona umemwona.

Mama alitaka aiweke ukutani. Nikaomba faili kwa Mkutubi, anayenitunzia picha, nikaitupia kwenye mashine ya mabango hapa dukani kwangu, mita moja kwa sentimita sabini, nikageuka kumhudumia mteja. Sikuikagua. Mimi, ninayekagua hadi nukta ya namba ya simu ya mtu.

Mama ndiye aliyeisogelea kwanza. Macho mawili yako wazi, yamelingana. Ngozi laini kama ya tangazo la sabuni. Akaitazama weee, kisha akasema taratibu, "Kumbe hata yeye alilionea aibu jicho langu." Akaomba maji ya kunywa.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia Mkutubi. Tunamwita hivyo kwenye kundi letu la wakusanyaji kwa sababu ana picha 38,400 za gemu za zamani — makasha, mabango, michoro ya wahusika — na kila moja anajua imetoka wapi. Nilimkabidhi za mdogo wangu Januari. Kompyuta ya dukani ilikuwa imejaa, kazi za wateja zinagoma kufunguka, basi nikamtumia zote, tarehe 10 nikafuta zangu. Kisa megabaiti mia tisa.

Alikuwa na furaha kabisa.

"Dada, umeona zilivyong'aa? Zilikuwa na chenga zile. Nimezipitisha zote kwenye programu ya kusafisha, kila picha imekuwa kubwa mara nne."

Nikamuuliza za mwanzo ziko wapi.

"Zile ndogo? Si zilishakuwa pacha. Nikafuata kanuni."

Kanuni namba tatu ya kundi: picha zikiwa pacha, baki na kubwa, futa ndogo. Niliiandika mimi. Mwaka juzi. Watu wakanipongeza.

Nikamwambia kuhusu jicho. "Sasa dada, programu itajuaje kama ni jicho la mtu? Yenyewe imeona kasoro, imerekebisha."

Nilikata simu. Nikarudi kazini, nikakosea kukata bango la kinyozi. Hasara juu ya hasara.

Jumatano, 5 Machi

Nimemweleza mama. Programu, pacha, kanuni. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Usimtetee ndugu yako, mwanangu. Mimi simlaumu. Kazini kwao kulikuwa na watu, hakutaka wamcheke."

Nikasema mama, alilichora, nililiona kwa macho yangu.

"Basi nionyeshe."

Sina cha kumwonyesha. Ile simu ya mtumba ilikufa betri ikavimba, nikaitupa Desemba. Mwandika programu naye amejibu kwa neno moja: nilishafuta. Bango nimelikunja, liko nyuma ya mlango, sura kwa ndani.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi wa kompyuta, jirani yangu wa duka la tatu, ameniambia habari ya kwanza nzuri wiki hii. Kilichofutwa hakijaondoka. Kinakaa palepale kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. "Bosi, mwambie huyo jamaa yako kompyuta aizime tu. Asiiguse. Ailete hivyo hivyo." Kila anapoweka kitu kipya, kinalalia cha zamani.

Nafasi ni ngapi kwa mia, nikamuuliza. Hakupenda swali. Akasema kama haijatumika sana, sitini. Ikitumika kila siku, hawezi kuniahidi kitu.

Nimempigia Mkutubi mara nne. Ya tano akapokea: yuko mbioni, tutaona, nisiwe na presha. Nikasema sina shida na presha, nina shida na diski. Izime. "Sawa dada, sawa." Sawa ya mtu anayetafuta funguo.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi kwenye kundi: Mkutubi amepandisha picha mpya 640. Makasha ya gemu za mbio za magari. Zimesafishwa, zinang'aa. Watu 31 wameweka vidole gumba.

640. Kila moja wastani wa megabaiti kumi na mbili. Nimepiga hesabu: karibu gigabaiti nane. Na zetu zote hazikufika hata moja.

Lakini huenda ana diski mbili. Huenda mpya zimeingia nyingine. Sijui, na hataki kusema. Nimemuuliza kwa ujumbe, amejibu kwa kikatuni cha mikono iliyokutanishwa.

Jioni mama ametoka chumbani amefunga kilemba kimeshuka upande wa kushoto mpaka kwenye nyusi. Hajawahi kukifunga hivyo. Nikamtengea chakula.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tatu asubuhi. Duka sijafungua. Fundi ameshaweka meza tayari.

Mama bado na kilemba kile kile.

Nimemwandikia Mkutubi, nanakili hapa neno kwa neno asije akanigeuka:

"Kaka, sitaki pole, sitaki ufafanuzi. Zile 640 za jana umeziweka kwenye diski iliyokuwa na picha za mdogo wangu, au kwenye nyingine? Jibu neno moja: ile, au nyingine. Kabla ya saa sita mchana huu."

Ameshausoma. Saa tatu na dakika kumi na moja. Anaandika. Ameacha. Anaandika tena.