Picha za Samaki na Ndege

Rumonge, 4 Septemba 1999

Kwako dada Tahira, huko Buyenzi,

Amahoro. Huku tuko wazima, mimi nazidi kupendeza. Waulize wasichana wa Minago. Wewe na shemeji mukoje?

Dada, shida iko kwa mudogo wetu Jamali. Tangu tukimbie risasi anakaa kimya tu. Mwalimu anasema hatamwandika mwaka wa kwanza mpaka ijulikane kama akili yake inatulia. Amekuja madamu Chanceline, anapima watoto kwa muchezo. Anafunua picha moja moja: samaki, mutoto agonge meza, ndege, aache. Rahisi. Hata wewe ungeweza.

Jamali alikosa zote. Samaki, yeye jiwe. Ndege, anagonga. Nimemufundisha kila siku, mimi fundi wa kufundisha, bado. Madamu atarudi mara moja tu. Jamali akikosa tena, hakuna masomo. Mama anasonga ugali mpaka sufuria inalia, na Mama unamujua.

Mudogo wako, simba wa Rumonge,
Swedi

Buyenzi, 15 Septemba 1999

Mudogo wangu Swedi,

Pokea salamu zetu, tunapumua vizuri. Barua yako ililala Muhuta, barabara ilikuwa imefungwa. Shemeji yako anauliza kama simba bado anakimbia mbuzi wa jirani.

Nilisoma nikacheka mpaka chai ikamwagika. Angekosa hapa na kupata pale, ningeogopa. Kukosa zote ni kazi ya mutu anayeangalia sana. Nani analinda ndagala wakianikwa pale muchangani? Nani alimupa debe, akamwambia, "Ndege akitua, piga, samaki usiwaguse"? Wewe, ili ulale. Mwambie madamu ageuze muchezo. Na kulala kwako usikufiche.

Dada yako,
Tahira

Rumonge, 18 Septemba 1999

Dada yangu mwenye akili (leo tu),

Amahoro tele, leo afya yetu tungeweza kuigawa sokoni.

Barua ilifika Jamali ameshaketi mbele ya madamu. Nikaingia nahema.

"Wewe nani?" madamu akauliza.

"Mkubwa wa ndagala wote wa hapa," nikasema, nikamweleza yote, hata usingizi wangu. Mama alinitazama vibaya.

Madamu akageuza: ndege, gonga, samaki, acha. Jamali hakukosa hata moja. Akaharakisha picha, wapi. Mwisho akatoa picha ya paka, ambayo haikuwa kwenye muchezo. Jamali akapiga meza kwa mikono miwili: "Huyu naye mwizi."

Dada, alisema. Mbele ya wageni. Mama akacheka mpaka kitenge kikafunguka, na mwalimu akachukua kalamu akaandika jina.

Nikaomba nipimwe na mimi. Nilikosa nyingi, lakini kosa ni la madamu, anacheka vizuri mno.

Jumatatu nampeleka shuleni mimi. Nitaishia mlangoni, maana mlango ule ulinishinda zamani. Yeye ataingia.

Mudogo wako, kaka ya mwanafunzi,
Swedi