Nyuma ya Paravent

Schaerbeek, 14 Februari 1993

Maman mpenzi,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, ila baridi ya Brussels haina adabu, inaingia hadi ndani ya soksi. Na wewe, magoti yanaendeleaje?

Kazi nimepata. Navaa blouse nyeupe, koti la kazi, mikono lazima iwe safi, na kutwa nzima niko nyuma ya paravent, kimya. Bwana Dirk, mkubwa wangu, haongei sana. Jumapili napita Matonge, mtaa wa Wakongo hapa, nisikie tu watu wakiongea.

Mwanao,
Bertin

Bukavu, 2 Mei 1993

Bertin mwanangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Magoti yapo, yananibeba bado.

Barua yako niliisoma mara tatu. Paravent! Si lile pazia la fremu wanalozungusha kitandani mgonjwa akivuliwa nguo? Donc hatimaye uko hospitali, kazi ya uuguzi uliyosomea. Kanisani Mama Séraphin amepaza sauti: "Mutoto ya Maman Bertin iko infirmier kule Bulaya!" Nikainamisha kichwa kidogo, lakini nilifurahi sana.

Bon. Kuna neno ambalo mama hamwambii mtoto wa kiume. Nina uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu, tangu Noeli. Hauumi. Dada yako hajui. Wewe sasa si mtoto, ni munganga, ndiyo maana naandika. Niambie ninywe dawa gani. Hospitali siendi mpaka unijibu.

Maman yako

Schaerbeek, 30 Septemba 1993

Maman,

Salamu sina uso wa kuzitoa. Barua yako ilifika Juni. Nimekuandikia mara nyingi, nikachana.

Nenda hospitali leo. Usimalize hata kusoma, nenda.

Mimi si infirmier hapa. Diploma yangu hawaitambui. Bwana Dirk anakarabati paravent za kale za Japani: fremu sita za mbao zilizounganishwa, karatasi juu, rangi ya dhahabu. Za kusimamisha nyumbani, watu wazitazame. Mimi nafagia vumbi kwa brashi laini na kuzishika zisianguke. Nilipoona umekosea, nilikuacha ufurahi. Sikuamini kwamba ungeningoja kweli.

Hii iliyopo sasa ina miaka kama mia nne. Wajapani waliwachora Wareno wakishuka melini na farasi, mbwa, masanduku. Wote wanaongea wawili wawili. Nyuma ya capitaine kuna mtu mweusi amemshikia mwavuli, na hakuna anayeongea naye. Nimemsafisha uso kwa siku mbili. Katika atelier nzima, karakana ya Bwana Dirk, weusi ni mimi na yeye tu. Nimechoka na upweke, Maman, ndiyo sababu nilinyamaza, wala si sababu nzuri.

Nisamehe.
Bertin

Bukavu, 12 Desemba 1993

Bertin,

Nimepokea. Nilikwenda kesho yake, dada yako alinisindikiza.

Nilikasirika, nisikufiche. Kufagia vumbi si aibu, hata baba yako alianza na ufagio. Nililia kwa sababu nilikufunulia mwili wangu, na wewe ukanyamaza miezi minne.

Docta amesema nimechelewa kidogo. Hakusema kidogo ni ngapi. Watanipasua katikati ya Januari.

Sasa sikia. Wauguzi hapa wanajua mwanangu ni mwenzao, na wananiita Maman Infirmier. Sijawaambia ukweli, na sitawaambia. Nitumie barua moja ya infirmier, niwasomee kwa sauti wodini. Dada Numbi, mtawa wa parokia yetu, yuko huko Brussels na anarudi huku baada ya Mwaka Mpya, mpe mkononi. Moja tu. Naogopa, mwanangu.

Maman yako

Brussels, 3 Januari 1994

Maman mpendwa, na ninyi wauguzi wenzangu wa wodi ya wanawake,

Nawasalimu nyote. Hapa kazi ni nyingi, wagonjwa wamejaa, ila tunashukuru.

Maman, wakishakupasua, usione haya kuomba dawa ya maumivu. Siku ya pili waombe wakusimamishe, utembee hatua chache ukishika ukuta. Kidonda kisilowe. Mkono wa kushoto uunyanyue polepole kila asubuhi, hata ukiuma, usije ukakakamaa. Haya nimesomea, ni ya kweli.

Wenzangu, huyo mgonjwa ni mkaidi. Atasema ameshiba, na hajala. Atasema haumwi. Msimwamini, mkaeni kando yake. Mimi nina wagonjwa wengi huku, lakini ninayemfikiria kutwa ni huyo mmoja, na kitanda chake sikifikii. Tafadhali mtu mmoja amshike mkono kwa niaba yangu, kisha aniandikie kama bado una joto.

Mtoto wako,
Bertin, infirmier