Ukungu wa Kwenye Bamia

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ucheke taratibu, maana ninayesema hapa ni Mzee Bamia mwenyewe, bamia zangu ziliwahi kurefuka mpaka moja nikaifanya mkongojo, waulize majirani. Sasa mke wa mwanangu kalima kipande chake cha bamia nyuma ya nyumba, kanunua mbolea ya kukuzia na dawa ya ukungu, akaja kwa adabu, "Baba, hivi vinatumiwaje?", nami kusoma sijui, lakini kusema "sijui" ndiyo sijui kabisa, nikamwambia, "Mbolea wewe mwaga, mmea haukatai chakula, na hiyo dawa ngoja asubuhi ukungu utande, jua hili utampulizia nani?" Mtoto wa watu akangoja, ukungu haukutanda, mibamia ikanipita kimo, majani kama miavuli, bamia zenyewe za kutafuta kwa tochi, halafu majani yakaota unga mweupe, nikaenda kwa muuza pembejeo kujifanya nauliza la jirani, akaangua kicheko, "Mzee, ukungu wenyewe si ndio huo unga!" Nilitamani ardhi inimeze.

Jana tunakula, mwanangu akamwambia mkewe, "Wewe na kilimo wapi na wapi?" Akajibu, "Kweli, mkono wangu mbaya. Jumamosi naing'oa yote." Nami nikacheka, mshauri. Nilicheka! Yeye akaniongezea mboga. Nikisema ukweli, nani ataniita tena Mzee Bamia?

JIBU

Mzee wangu, pole, ila kilichoota ukungu kwanza ni hizo sifa zako. Kucheka hukuona haya, kusema ukweli ndiyo unaona? Mkweo hana mkono mbaya, ana mkwe muongo.

Mwambie leo, usingoje Jumamosi, na mwanao awepo, maana mbele yake ndipo mkewe alipoaibishwa. Mbolea isimame kwanza. Ikizidi, mmea unashiba majani unasahau kuzaa. Majani yaliyoungua kwa unga yakatwe, yachomwe mbali. Dawa ipulizwe jioni, juu na chini ya jani, kwa kipimo cha kwenye kibandiko. Asome yeye, wewe nyamaza, pampu ibebe mgongoni. Na bamia zisichumwe mpaka siku zilizoandikwa humo zipite. Nyingine zitapona, nyingine hazitapona, na hizo utamwomba radhi moja moja.

Ila nakuonya: ukianza na hadithi ya mkongojo, rudi nje uingie upya.