Maoni ya Bi Mbeyu Kuhusu Kodi ya Spiriti

Mtongwe, Likoni
Jumapili, 4 Mei

Babu shikamoo,

Kabla hata sijakuuliza magoti, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na nikizidi kulibeba peke yangu nitaugua. Nimeiandikia serikali, na nimetia jina la Mama.

Basi, magoti yanaendeleaje? Sisi wazima, ila mvua haitupi nafasi.

Ilikuwa hivi. Unajua Mama anakaanga viazi karai kwa lile jiko la spiriti. Anakwenda na mtungi dukani kwa Badawi, anaupachika kwenye mashine, unajazwa. Mwalimu wa biashara alituambia spiriti hiyo inatokana na molasi, yale masalio meusi ya miwa, na kwamba bei yake iko chini kwa sababu serikali haiitozi kodi, ili watu waachane na makaa. Sasa mswada wa fedha unataka kodi irudi. Asilimia kumi na sita, Babu! Mama itabidi apandishe viazi, na wateja wake ni watoto wa shule na askari wa kambi ya wanamaji, watu wanaoweza kugombana kwa shilingi tano.

Wananchi wakaambiwa watume maoni kwa kamati ya bunge. Mimi darasani hata kuitikia jina langu ni kazi, lakini nikishika kalamu nina mdomo. Nikaandika kurasa mbili za Kiingereza. Mwishoni nikaogopa. Nani atamsikiliza msichana wa kidato cha tatu? Nikaandika: Bi Mbeyu Mwarandu, mfanyabiashara. Na namba yake ya simu.

Jana wakampigia. Mwanamke mwenye Kiswahili kizuri cha Mjini alisema, "Bi Mbeyu, wahitajika ukumbini hapo Likoni, Jumanne tarehe ishirini, saa tatu asubuhi. Tafadhali usikose." Mama akakata simu kabla hajaambiwa ni kwa nini. Mwiko ukamponyoka mkononi.

"Serikali haiwezi kunijua jina bure," akasema. "Ni pipa la Baba."

Anamaanisha lako, Babu. Nifanyeje? Nakuandikia kwa sababu simu ya Mama huongea kwa spika na kuta zetu ni za mabati. Mutua wa lori la madafu atakuletea.

Mjukuu wako,
Nyevu


Kaloleni
Alhamisi, 8 Mei

Mjukuu wangu Nyevu,

Marahaba. Magoti ni yale yale, sitayasifu wala kuyalaani. Mutua amefika salama.

Barua yako imechelewa. Mama yako alimpigia jirani yangu Tinga Jumamosi ile ile, akamtuma aniambie neno moja tu: zika. Nimezika. Pipa, bomba la shaba na madumu. Tinga alinisaidia kuchimba, na kwa kuwa kilichokuwa dumuni hakingezikika vizuri kikiwa kimejaa, tulikipunguza kwanza. Kwa hivyo shimo limekwenda upande, na mpaka leo tunabishana liko wapi.

Lakini nieleweshe, wewe uliyesoma kwa lugha mbili. Hao wa miwa wanachachusha, wanachemsha, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, yanatoka maji yanayowaka. Mimi nachachusha mnazi, nachemsha, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, yanatoka maji yanayowaka. Wao wanasamehewa kodi. Mimi nililala jela miezi mitatu na nikatoka na chawa. Mimi sikuomba hata ruzuku! Waulize hao watu tofauti ni nini.

Na mama yako mwambie ukweli leo, kabla hujala.

Babu yako,
Mwarandu


Mtongwe
Jumatano, 14 Mei

Babu shikamoo,

Pole kwa kuchimba. Sisi wazima kidogo.

Tofauti, mwalimu anasema, ni kwamba ya kwao hutiwa kitu kichungu ili isinyweke. Pia ina risiti.

Sijamwambia. Nilianza mara kadhaa. Mara ya mwisho nilifika "Mama, ile simu..." akanishika mkono, akasema, "Najua unaogopa, mwanangu." Nikamezea hapo hapo.

Amefunga kibanda. Jiko la spiriti amelificha chini ya kitanda, eti likionekana wataliunganisha na pipa lako. Anapika kwa makaa chumbani, mlango umefungwa, na anakohoa mpaka Rispa wa chumba cha pili anagonga ukuta kuuliza kama tuko hai. Askari wa kambini wanakuja kuulizia viazi, naye anawaona wanamaji anadhani wamekuja kumchukua, anaingia chini ya kitanda kukaa na jiko.

Jana alinifundisha kukoroga unga wa kuchovyea viazi, usiwe mzito wala maji. "Shika vizuri," akasema, "maana hatujui watanipa miezi mingapi." Nikalia. Akadhani nalilia jela.

Mjukuu wako,
Nyevu


Kaloleni
Jumamosi, 17 Mei

Nyevu,

Salamu nimeziacha kwa hasira, utazipata nikishapoa.

Mwanangu avute moshi chumbani kwa kosa lako na pipa langu? Usipomwambia, Jumanne nakuja mwenyewe huko Likoni nisimame mbele ya hiyo kamati niyamwage yote, yako na yangu. Koti ninalo.

Hilo la kodi nimelifikiria. Serikali haisamehe, inahamisha. Wakiiacha spiriti ya mama yako, watanifuata mimi huku kwenye sukari. Sawa, wanifuate. Chai nitakunywa bila sukari. Kifua cha mwanangu nitakinunua duka gani?

Babu yako


Mtongwe
Jumanne, 20 Mei, jioni

Babu shikamoo,

Natumai umepoa. Afadhali Mutua hakukupa nafasi kwenye lori.

Sikumwambia. Leo asubuhi niliamka nikakuta kitanda chake kitupu, nikakimbia na sare ya shule mpaka ukumbini. Mama alikuwa kiti cha mbele kabisa. Miguuni ana mfuko: blanketi, kipande cha sabuni, leso mbili.

Bi Alawiya, yule wa simu, akaita, "Bi Mbeyu Mwarandu!" Mama akasimama, akanyoosha mikono yote miwili mbele kama anayengoja pingu.

"Pipa ni langu," akasema. "Chang'aa nilipika mimi. Baba yangu hajui lolote, magoti yake hayamruhusu hata kuinamia moto. Nipelekeni mimi."

Mwenyekiti akageuza karatasi, mbele, nyuma. "Mama, mimi hapa nina habari za kodi ya spiriti ya kupikia."

Karani akauliza, "Na hilo la chang'aa, niliandike?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Walimcheka Mama, Babu, na mikono yake bado iko mbele. Nikajikuta nimesimama.

"Ni mimi niliyeandika. Jina ni lake, maneno ni yangu." Sauti ilitoka kama ya paka. Mzee mmoja nyuma akasema, "Paza, mwanangu! Hatukuja kutazama mdomo."

Nikapaza. Nikasema Mama amepika kwa makaa wiki mbili tu na sasa anakohoa, na mitaa ya huku imejaa watu watakaokohoa vivyo hivyo kodi ikirudi. Nikasema najua kodi isiyolipwa hapa italipwa kwingine, na babu yangu amekubali kunywa chai bila sukari. Nikauliza na swali lako la jela. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Akasema maoni yamepokelewa. Kama kodi itarudi au haitarudi, hakusema.

Mama akashika njia ya nyumbani. Blanketi kichwani, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofika akalitoa jiko chini ya kitanda, akaliwasha, akaanza kumenya viazi kwa nguvu ambayo viazi havikustahili.

Barua zote zilizotangulia niliandika nikiwa na daftari la hesabu kando, tayari kufunika. Sasa kisu kimenyamaza. Namsikia anakuja, kandambili ya kushoto inaburuzika sakafuni. Amefika mlangoni. Daftari liko hapa. Siligusi.

Ameingia. Amesimama nyuma yangu, ananuka ndimu na pilipili, na anasoma. Anauliza, "Na hiyo umeandika kwa jina la nani?"

Langu, Mama.

Mjukuu wako,
Nyevu