Bia Haioshi Moshi

Chanzuru, Kilosa
14 Juni 2025

Mdogo wangu mpendwa Elia,

Pokea salamu zetu kutoka nyumbani. Hujambo huko Geita? Sisi ni wazima, mahindi tumeshavuna, na mama magoti yamepata nafuu tangu mvua zikatike.

Leo nikueleze ya Baba mdogo Cleopa wa Mikumi. Unamjua alivyokuwa: jioni akifunga gereji ni bia na sigara, na akiulizwa anasema bia inaosha moshi kooni. Mwaka jana sauti ikaanza kukwaruza. Akasema ni vumbi la barabara kuu. Kisha ugali ukawa haupiti, akawa anaishi kwa uji, hadi Mama mdogo Agnesi akanipigia simu akilia.

Tulimpeleka hospitali Morogoro. Walikata kinyama kidogo kooni wakakipima, majibu yakaja: saratani, ila bado changa.

Daktari alitueleza taratibu. Sigara peke yake ni hatari, lakini pombe inaiongezea nguvu. Inalegeza utando wa mdomo na koo, sumu za moshi zinapenya kirahisi. Na ini, ambalo lingesaidia kuzisafisha, linakuwa limeshikwa na kazi ya pombe, basi zinazidi kuzunguka mwilini. Baba mdogo akasema, "Kumbe nilikuwa naifungulia mlango."

Alipigwa mionzi Dar es Salaam. Alikonda mpaka suruali akaifunga kwa kamba. Kuna siku aligoma kurudi kwenye mashine; Mama mdogo akakaa naye pale nje mpaka akanyanyuka mwenyewe akaingia. Sasa anakula ugali, gereji amerudi, na vyote viwili ameviacha. Mwezi huu wamempima tena, hawakuona uvimbe.

Sasa wewe. Uliponipigia Jumapili nilisikia sauti yako inakwaruza, ukasema ni vumbi la mgodini. Sikuandikii kukutisha. Baba mdogo amepona kwa sababu ilikutwa bado changa, nawe utawahi zaidi yake. Nenda hospitali wiki hii, na kati ya bia na sigara zako usiache kimoja ukabaki na kingine.

Nilimweleza Baba mdogo, akanijibu, "Mwambie akichelewa namfuata mwenyewe." Hatanii, Elia. Begi ameshalishusha kutoka juu ya kabati.

Mama anakusalimu sana, Mama mdogo Agnesi pia, na mwanangu Upendo anasema shikamoo mjomba. Mungu akulinde ukiwa chini ya ardhi na ukiwa juu yake.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Anastazia