Dakika Saba za Babu

Jumatatu, 6 Machi

Imekubali! Siku tatu nzima programu inaniambia jua letu linazama saa nne asubuhi. Kumbe naipa pembe kwa digrii, yenyewe inataka radiani. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Sasa naipa latitudo, longitudo na tarehe, inanitemea jibu. Leo: 12.41 jioni.

Jedwali la saa za machweo ninalotengeneza ni la Mjomba. Yeye fundi umeme, amepewa kazi ya kufunga taima iwashe taa za ngazi yenyewe, ghorofa zote nne. Eti kichwa changu hatimaye kimepata kazi.

Ngazi zile hazina hata dirisha moja. Zamani aliyewasha taa zake ni Babu. Na mimi!

Jumatano, 8 Machi

Nimetoa daftari la Babu kabatini, nilinganishe. Alikuwa mtunza jengo hapa miaka kumi na minane, na kila jioni aliandika saa aliyowasha. Miaka ya mwanzo anapishana na programu dakika moja, basi. Kwa saa ya mkononi!

Halafu miaka miwili ya mwisho, ghafla: dakika saba mapema. Karibu kila siku.

Mjomba kachungulia begani kwangu. Si alisema? Macho ya Mzee yalikwisha. Ndiyo maana wakamtoa kazini, anawasha taa na jua linawaka.

Babu alikuwa palepale kwenye kochi. Akanywa chai yake.

Mimi naijua miaka hiyo miwili. Nilikuwa na miaka sita, halafu saba.

Ijumaa, 10 Machi

Nauandika ukweli. Hapa tu.

Swichi iko kwenye boksi chini ya ngazi. Pale jua halionekani. Babu magoti yalimsumbua, kwa hiyo alinituma mimi paani, kando ya tangi la maji. Anaita kutoka chini: "Mchumba! Limezama?" Naitikia "Limezama!" — taa zote, pwaa! Nashuka mbiombio, nampata ananingoja na pipi mfukoni, ina harufu ya funguo. Sijawahi tena kuwa mtu muhimu kama siku zile.

Lakini nilikuwa naogopa. Giza likinikuta kabla taa za ngazi hazijawaka je? Basi nilikuwa naitikia "Limezama!" jua likiwa bado zima, jekundu, limekaa juu ya maghala. Zile dakika saba ni zangu. Kazi yake imeondoka kwa sababu yangu.

Kisha nimeona nukta. Vinukta vya wino kando ya zile saa za mapema. Siku nilizopanda na dada yangu hazina. Ukurasa wa mwisho kabisa, mwandiko wa Babu: "Yenye nukta, mtoto kaogopa. Nimewasha."

Alijua! Wakamwita kipofu, akanyamaza.

Jumamosi, 11 Machi

12.30 jioni. Naandikia paani, kompyuta magotini. Leo majaribio ya taima. Chini wapo Mjomba, msimamizi wa mwenye nyumba, na majirani kibao. Mjomba kawatangazia: leo tutajua nani mkweli, Mzee au mashine. Wamecheka. Babu kawekewa kiti kando ya boksi.

Mchana nilitaka kumwambia. Nikaishia kumfunga kamba za viatu. Akanipapasa kichwa tu.

Tangi ni lilelile, linavuja palepale. Nilidhani ni kubwa sana.

12.34. Jua zima. Jekundu. Juu ya maghala.

"Mchumba! Limezama?"

Ee Mungu wangu. Sauti ileile, imechakaa kidogo tu.

"Bado, Babu!"

Halafu namsikia anacheka, kile kicheko chake cha puani.

"Leo huogopi?"

"Aogope nini?" Huyo ni Mjomba.

Ngazi yote inaningoja mimi. Kwenye kioo cha kompyuta: bado dakika sita.

Naweka kalamu chini, maana jibu la Mjomba ninalo mimi, na safari hii nalitoa kwa sauti, wote wasikie: zile dakika saba zilikuwa zangu.